Nani Aliwasemea Wasukuma Legico?

Wiki mbili zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, aliniletea ujumbe wa simu wenye maswali mawili. La kwanza: ni kweli kwamba Mwafrika wa kwanza kukalia kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika alitoka huku kwetu Usukumani? La pili lilikuwa na makali zaidi: kama ni kweli, mbona babu yake alitozwa faini na hata kuwekwa ndani kwa sheria ambazo hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Ni kweli, ila walikuwa wawili, walioteuliwa pamoja mwaka 1945. Mmoja ni Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, na mwenzake ni Mangi Abdiel Shangali wa Machame, Kilimanjaro. Busiya hiyo si mbali na anakokaa msikilizaji wetu. Pale Kolandoto ukiiacha njia ya Mwanza ukashika ile ya Kishapu, uko upande wake. Kidaha alizaliwa mwaka 1922, akasoma Tabora na Makerere, na alipoteuliwa alikuwa kijana wa miaka 23 tu ambaye ndiyo kwanza amerithi kiti cha baba yake, Mtemi Makwaia Mwandu.

Swali la pili ndilo litakalotuchukua muda wetu wa leo, na kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo.

Waingereza walipokabidhiwa nchi hii baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakuleta baraza lolote la kutunga sheria. Tangu mwaka 1920 Gavana alitunga sheria mwenyewe, akishauriwa na maofisa wake wachache. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilipata sheria yake mwaka 1922. Sheria ya Ardhi ikaja mwaka 1923, nayo ikatamka kwamba ardhi yote ya Tanganyika iko chini ya mamlaka ya Gavana. Mambo mawili yanayomgusa mkulima kuliko yote, yaani shamba lake na kodi yake, yalikwisha kuamuliwa kabla hata ya kuwapo mahali pa kuyajadili.

Baraza lenyewe, ambalo wazee walizoea kuliita Legico, lilikutana kwa mara ya kwanza Dar es Salaam Desemba 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron. Aliyekaa kiti cha mbele kuongoza kikao alikuwa Gavana mwenyewe. Upande wake walikuwapo maofisa 13 wa serikali. Upande wa pili waliitwa wajumbe wasio maofisa, nao walikuwa 7: Wazungu 5 na Waasia 2. Wote hao 7 waliteuliwa na Gavana. Hakuna mtu yeyote, mweusi wala mweupe, aliyempigia mjumbe yeyote kura.

Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Sababu aliyoitoa Cameron ni kwamba hakupatikana mwenyeji anayekijua Kiingereza kiasi cha kuweza kushiriki katika mijadala, na kwamba maslahi ya wenyeji yangeangaliwa na maofisa wa serikali. Tafadhali litafakari jambo hilo. Nchi ambayo tangu enzi ya Mjerumani iliendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia kwa karani wa boma mpaka kwa akida, iliambiwa kwamba hairuhusiwi kuingia katika baraza la kutunga sheria zake kwa sababu haijui lugha ya baraza hilo. Haikumpitia mtu pale kwamba baraza ndilo lingeweza kujifunza lugha ya nchi. Na tusiwacheke Waingereza peke yao. Sisi wenyewe, tukiwa na Bunge letu na tukiongea Kiswahili ndani yake, tumeendelea kuandika sheria kwa Kiingereza mpaka mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu Legico ya kwanza hapo ni miaka 95.

Shughuli za Legico ziliendeshwa kwa utaratibu wa London, na ukizisoma kumbukumbu zake unaweza kudhani uko London kweli. Muswada unachapishwa katika Gazeti la Serikali. Unasomwa mara ya kwanza, kwa jina tu. Unasomwa mara ya pili, na hapo ofisa anayehusika anasimama kueleza kwa nini serikali inautaka, na wajumbe wanachangia. Baraza linakaa kama kamati, kifungu kwa kifungu. Unasomwa mara ya tatu, unapita, Gavana anatia sahihi. Hata hapo serikali ya Uingereza ilikuwa na uwezo wa kuikataa sheria hiyo kutoka ng'ambo. Heshima zote za bunge zilikuwapo: Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule, naomba kutoa hoja, naafiki.

Kilichokosekana ni wasiwasi wa matokeo. Maofisa walipaswa kupiga kura kama serikali inavyotaka, na maofisa ndio waliokuwa wengi. Mjumbe asiye ofisa angeweza kuzungumza saa nzima, akatoa takwimu, akakasirika, na muswada ukapita vile vile. Wazungu wa mashamba ya mkonge na kahawa walijua hilo, lakini wao walikuwa na njia nyingine za kumfikia Gavana.

Mfano mmoja wa sheria za kipindi hicho ni marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1928. Hapo Legico ilikubali kwamba haki ya kuikalia ardhi ni pamoja na ile aliyonayo mwenyeji anayeitumia kwa mila na desturi za kwao. Lilikuwa jambo zuri kwa kiasi chake, na mahakama zetu zimelitumia kwa miaka mingi. Lakini waliokaa kuamua Msukuma au Mhaya analimilikije shamba lake kwa mila walikuwa Wazungu na Waasia watupu.

Sasa tumrudie babu wa Kolandoto, maana huenda sheria iliyompeleka ndani haikutungwa Legico. Mwaka ule ule wa 1926 Cameron alileta Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji, ambayo ndiyo msingi wa ule utawala wa kupitia watemi. Chini ya sheria hiyo mtemi alipewa uwezo wa kutoa amri na kanuni katika nchi yake: watu wapande nini, walimeje, ng'ombe watunzweje, njia zisafishwe lini. Asiyetii alishitakiwa katika baraza la mtemi huyo huyo. Kwa hiyo sheria kubwa ilitungwa Dar es Salaam kwa Kiingereza, halafu ikazaa watoto wengi huku vijijini, na hao watoto ndio waliomfikia mkulima, wakiwa na sura ya mtemi wake.

Katika Usukuma watoto hao waliongezeka sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, na watemi wapatao 50 wakaunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya. Wataalamu walikuwa na hofu ya kweli: udongo unachukuliwa na maji, mifugo ni mingi kuliko majani. Dawa yao ilikuwa amri. Limeni matuta. Punguzeni ng'ombe. Zuieni mmomonyoko. Mtu aliyefika shambani kwake akaona hayo matuta ni kazi mara mbili kwa mavuno yale yale, akaacha, alitozwa faini, na aliyeshindwa faini alifungwa. Kumwambia Msukuma apunguze ng'ombe, tena kwa amri, ni kumwambia mtu mwingine atoe fedha zake benki azitupe.

Hapo ndipo ugumu wa nafasi ya Kidaha Makwaia unapoonekana, na mimi siko tayari kuumaliza kwa neno moja la kibaraka, neno ambalo tumezoea kulitumia bila kufikiri. Kijana huyu alikuwa na kofia mbili. Akiwa Busiya alikuwa mtemi, anayepaswa kusimamia amri hizo. Akisafiri kwenda Dar es Salaam anakuwa mjumbe, anayepaswa kuwasemea watu wanaozilalamikia. Mwaka 1945 Baraza lilipanuliwa: maofisa 15 na wasio maofisa 14. Katika hao 14, Wazungu walipewa viti 7, Waasia 3 na Waafrika 4. Viti viwili vya Waafrika vilijazwa wakati huo na vingine viwili miaka michache baadaye, alipoingia Mtemi Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe na mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Waafrika wote wanne wangesimama pamoja, wakaungwa mkono na kila Mwasia na kila Mzungu asiye ofisa, jambo ambalo halikuwa rahisi kutokea, bado serikali ingeshinda kwa kura moja bila hata kumhesabu Gavana.

Hilo basi ndilo jibu la msikilizaji wetu kwa upande wa hesabu. Mtu wa kwenu aliingia. Aliingia kwa kuchaguliwa na Gavana, si na babu yako, na aliingia mahali ambapo kura yake haikuweza kuangusha kitu.

Lakini upo upande mwingine wa habari hii, na kuuona inabidi tutoke Shinyanga twende Geita. Wakati huo wilaya hizo mbili zilikuwa pamoja katika Jimbo la Ziwa, na zote zilihesabiwa katika Usukuma wa kiserikali.

Mwaka 1953 Legico ilipitisha Sheria ya Serikali za Mitaa. Gavana wakati huo alikuwa Sir Edward Twining, na mawazo yake yalikuwa kwamba Tanganyika ni nchi ya mataifa matatu yatakayoshirikiana kwa usawa: Waafrika, Waasia na Wazungu. Sheria hiyo iliwezesha kuundwa kwa mabaraza ya wilaya na ya majimbo yenye wajumbe wa rangi zote, mabaraza ya mseto. Kwa maneno ilikuwa hoja tamu. Ila usawa wenyewe ulikuwa wa rangi, si wa watu. Legico yenyewe ilipopangwa upya mwaka 1955, wajumbe wasio maofisa walikuwa Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, na Wazungu kiasi cha 20,000.

Mwaka uliofuata sheria hiyo, 1954, ikatungwa nyingine, ya vyama, iliyotaka kila chama kiandikishwe na serikali. TANU ilizaliwa Julai mwaka huo huo. Katika Usukuma matawi yake yalinyimwa kuandikishwa, na kwa karibu miaka minne chama hicho kilikuwa marufuku katika sehemu hii yenye watu wengi kuliko karibu zote nchini. Vyama vya ushirika vya pamba, vilivyojengwa na Paul Bomani na wenzake, ndivyo vilivyobaki kuwa mahali pa watu kukutana na kusema.

Katika hali hiyo ndipo serikali ilipoamua kuunda baraza la mseto Geita mwaka 1958. Kwa hesabu za serikali hapakuwa na tatizo. Sheria ilikuwapo tangu 1953, watemi walizungumzwa nao, na kauli ya watemi ilichukuliwa kuwa ndiyo kauli ya watu. Wajumbe Wazungu na Waasia wangekuwa wachache tu. Ubaya uko wapi?

Wananchi waliuona ubaya huo bila kuisoma sheria. Geita ni nchi ya dhahabu, na wakati huo mgodi wa Wazungu ulikuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930. Mtu wa pale alijua kwa macho yake kwamba Mzungu akipata mguu mahali, ardhi chini ya mguu huo inabadilika jina. Wachuuzi wa Kiasia nao walishika maduka na vinu vya pamba. Kwa hiyo mkulima aliposikia kwamba baraza la wilaya, hilo hilo linalotoa amri za matuta na ng'ombe, sasa litakuwa na viti vya watu hao, hakuona ushirikiano wa mataifa. Aliona kwamba hata kile kidogo kilichoachiwa mtemi kinachukuliwa.

Wakakataa. Mikutano ya serikali ikazomewa. Watemi wakatakiwa na watu wao wenyewe wajitoe katika baraza hilo, na mtemi aliyesita alijikuta hana wa kumsikiliza. Katikati ya mwaka huo umati wa watu ukafunga safari kwenda Mwanza kumwona Mkuu wa Jimbo. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, halikuwa hata ndoto wakati huo. Ghuba ya ziwa ilivukwa kwa chombo, na mtu wa Geita aliyetaka kufika Mwanza alikuwa ameamua kweli. Waliofika walikaa pale wakidai kusikilizwa. Jibu walilopewa ni polisi na mabomu ya kutoa machozi. Wengine walikamatwa na kufungwa.

Hata hivyo baraza la Geita halikusimama. Julai mwaka huo Twining aliondoka na nafasi yake ikashikwa na Sir Richard Turnbull, mtu aliyetoka Kenya ambako aliona kwa macho yake Mau Mau ilivyokuwa. Turnbull aliliacha baraza la mseto la Geita, na TANU ikaruhusiwa kufanya kazi Usukumani. Tarehe 14 Oktoba 1958 alisimama mbele ya Legico na kutamka kwamba Tanganyika itakapojitawala, serikali yake na baraza lake vitakuwa na Waafrika wengi zaidi. Wajumbe waliokuwa ndani ya ukumbi huo walishangilia, na vitabu vingi vya historia vinasimulia siku hiyo. Ni vichache vinavyokumbuka kwamba miezi michache kabla yake kulikuwa na watu waliolala nje Mwanza, wenye macho mekundu kwa moshi wa polisi.

Sisemi kwamba Geita peke yake ilileta hotuba ile. Palikuwa na mengi: shinikizo la Umoja wa Mataifa, gharama, na zaidi ya yote TANU yenyewe. Ninachosema ni kwamba muswada wa serikali za mitaa ulisomwa mara tatu Dar es Salaam mwaka 1953 na ukapita, kisha ukasomwa mara ya nne Geita mwaka 1958 na ukaanguka.

Kuna jambo jingine linalounganisha Busiya na historia ya Legico, ambalo hata wengi wa Shinyanga hawalijui. Kidaha Makwaia aliteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Kifalme ya Ardhi na Idadi ya Watu katika Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1953 hadi 1955. Kwa kuwa tume ilimtoa nje ya Legico, nafasi yake ikahitaji mtu wa kuishika kwa muda. Aliyeteuliwa mwaka 1954 kukikalia kiti hicho cha Mtemi wa Busiya alikuwa mwalimu kijana wa Pugu, Julius Nyerere. Aliteuliwa tena mwaka 1957, na Desemba mwaka huo akajiuzulu baada ya miezi michache tu. Sababu yake ilikuwa ile ile tuliyoihesabu hapo juu. Mapendekezo yake, pamoja na lile la kuondoa kura tatu, yaani kumlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, yalikataliwa, naye akaona kuendelea kubaki na kupokea posho ni kuwadanganya waliomtuma. Kura tatu hazikuondolewa. TANU iliamua huko Tabora, Januari 1958, kuingia katika uchaguzi hivyo hivyo, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Ziwa lilikuwa katika awamu hiyo ya pili.

Watemi wenyewe walifikia mwisho wao kwa njia ya sheria. Mwaka 1963 mamlaka yao yalifutwa kwa sheria ya Bunge, ukiwamo utemi wa Busiya uliompeleka Kidaha Legico miaka 18 kabla. Safari hii waliopiga kura walikuwa wamechaguliwa na wananchi. Spika wa Bunge hilo alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mtemi wa Uhehe, aliyekaa na Kidaha katika vile viti vinne. Kidaha aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifariki mwaka 2007.